Mkaa, gesi, umeme au mkaa mbadala: kipi kitakupunguzia matumizi kwenye kibanda cha chakula?

Kuna swali naulizwa sana na wenzangu wa vibanda na huwa linakuja hivihivi kila mara, "shoga, gesi na mkaa kipi kina nafuu?" Zamani nilikuwa najibu faster, gesi, mana ndo nilikuwa nimetoka kununua mtungi na naona raha moshi haunipati machoni. Siku hizi kabla sijajibu nauliza, unapika nini? Kuna mtu anakaanga chipsi mpaka saa sita usiku, kuna mtu anachemsha supu ya kongoro toka saa nane alfajiri, kuna mwingine wali maharage sahani thelathini za mafundi gereji afu saa nane mchana kashafunga karudi kwake. Hao watatu ukiwapa jibu moja umewapoteza wawili.

Mimi nina kibanda cha chakula cha mchana hapa Dar, sahani 60 mpaka 70 kwa siku. Wali, ugali, maharage, mboga za majani, samaki na siku nyingine nyama ya mchuzi. Nilipoanza kuandika daftari vizuri (nilichelewa, najua) nikaona ukitoa hela ya sokoni na hela ya binti anayenisaidia, kinachonimaliza ni moto. Mkaa ulikuwa unakula 13,000 kwa siku. Sahani 65 gawia 13,000 ni shilingi 200 kila sahani inaenda kuwa majivu, na sahani yenyewe faida yake haifiki hata mara tatu ya hiyo. Ndo nikaanza kuhangaika, nikajaribu moja baada ya nyingine, na nikaazima mizani.

Kwaiyo haya ninayoandika ni kwa mtu aliyekwama katikati, ana hela kidogo ya kubadilisha jiko ila hajui aitupe wapi. Nalinganisha vitu vinne, mkaa wa kawaida, mkaa mbadala, gesi ya mtungi na umeme. Kuni nimeziacha makusudi, mjini kuni kwenye kibanda ni ugomvi na majirani tu.

Vigezo

Nimetumia vitano, vilevile kwa wote ili asionewe mtu. Cha kwanza hela ya kuanzia, yani siku ya kwanza unatoa shilingi ngapi. Cha pili hela inayoungua kila siku. Cha tatu kasi na aina ya mapishi, mana moto mzuri kwa maharage unaweza kuwa mbovu kwa chapati. Cha nne usumbufu na hatari. Cha tano inamfaa nani.

Bei ninazotaja ni za mtaani kwetu siku nilizopima mimi, kwako zinaweza kuwa juu au chini, we chukua hesabu uweke bei yako.

Hela ya kuanzia

Hapa mkaa hauna mpinzani. Jiko la bati la kawaida unalipata kwa bei ya sahani chache za chakula, unanunua kopo la mkaa unaanza kazi leo leo. Jiko banifu, lile lenye udongo ndani, ni ghali zaidi, kubwa la kubeba sufuria la biashara nililinunua 35,000. Mtu aliyeanza na mtaji wa laki moja nzima, hata mimi nitamwambia aanze na mkaa asijitese.

Mkaa mbadala unatumia majiko yaleyale kwaiyo hela ya kuanzia ni kama hakuna, hasa ukiwa na banifu tayari. Wasioujua, ni ule mkaa wa kutengenezwa, kuna wa chenga za mkaa, wa vifuu vya nazi, wa pumba, na kuna wa makaa ya mawe kama ule wa STAMICO, shirika la madini la serikali, unaoitwa Rafiki Briquettes. Vyote mtaani vinaitwa mkaa mbadala ila haviungui sawa hata kidogo, nitarudi hapo.

Gesi ndo inauma siku ya kwanza. Mtungi wenyewe, gesi ya kwanza, regulata, mpira, jiko la plate mbili la chuma (yale ya kioo ya nyumbani usilete kwenye biashara, sufuria la maharage likishuka kwa nguvu umebaki na vipande), stendi. Mimi mtungi wa kilo 15 na vyote hivyo nilitumia karibu laki mbili na nusu. Wengi wanaanza na mtungi wa kilo 6 kwa sababu ya bei, naelewa, ila kwa kibanda cha sahani 60 utakuwa kwa wakala kila baada ya siku chache na gesi ya mtungi mdogo kilo kwa kilo huwa haiko chini ya ile ya mtungi mkubwa.

Umeme inategemea unanunua nini. Presha kuka ya umeme ya lita 6 nililipa 180,000. Jiko la koili la plate moja ni rahisi zaidi. Jiko la indaksheni lipo ila kabla hujapenda lile povu la maji linavyochemka kwa dakika mbili dukani, jua hili: sufuria zetu za alumini haziwezi kufanya kazi pale. Linataka chombo chenye chuma ndani ambacho sumaku inanasa chini. Kwaiyo siyo jiko tu unalonunua, unabadilisha na masufuria yote, na sufuria la biashara la kunasa sumaku bei yake inakaa vibaya. Ongeza na fundi wa kukuwekea soketi yake peke yake, mana kupikia kwenye ekstensheni ya elfu tano ndo mwanzo wa kusikia harufu ya plastiki.

Hela inayoungua kila siku

Hapa ndo nataka nikae, kwa sababu hapa watu ndo tunadanganyana. Huwezi kulinganisha bei ya kilo ya mkaa na bei ya kilo ya gesi ukasema mkaa rahisi. Kilo ya gesi ina moto mwingi kuliko kilo ya mkaa, na zaidi ya hapo, moto wa gesi nusu yake na kidogo unaingia kwenye sufuria, wakati jiko la mkaa la bati moto mwingi unapasha hewa, unapasha miguu yako na unapasha ukuta. Ni kama moja ya tano tu ndo inaingia kwenye chakula. Banifu inafika kama theluthi. Presha kuka ya umeme karibu moto wote unabaki ndani.

Ukipiga hesabu hiyo, kazi inayofanywa na kilo 1 ya gesi, mkaa kwenye jiko la bati itataka kama kilo 4, kwenye banifu kama kilo 3, na umeme ni kama uniti 8. Kariri hizo namba, moja, nne, tatu, nane.

Sasa weka bei. Gunia langu la 85,000 nilipolipeleka kwa jirani yangu wa vyuma chakavu mwenye mizani lilikuwa kilo 58, kwaiyo kilo ni karibu 1,500, na bado chini ya gunia kulikuwa na kilo 6 za chenga, hizo sijazitoa. Kilo 4 ni 6,000. Kwenye banifu kilo 3 ni 4,500. Gesi ya kilo 15 nilichukua 56,000, kilo moja ni kama 3,700. Umeme, wengi wenye biashara tuko tarifu 1, yani daraja la bei ya umeme ambalo ukijumlisha kodi na makato inakuja kama 356 kwa uniti, uniti 8 ni 2,850 hivi.

Yani kazi ileile, 6,000 au 4,500 au 3,700 au 2,850.

Ukiona hivyo unaweza kukimbilia umeme moja kwa moja. Subiri. Kwanza hiyo ni mkaa wa gunia, ukinunua kopo kopo ni mbaya zaidi, na ndo wengi tunavyonunua kwa sababu 85,000 ya mkupuo haipo. Pili mkaa ukiwa wa bei ya porini, mtu yuko Kisarawe au Handeni huko, hesabu inageuka, mkaa unaweza kupita gesi kwa unafuu. Tatu, hiyo ya uniti 8 ni kama moto wote unaingia kwenye chungu, jiko la koili wazi haliko hivyo, na ukiliacha limewaka unasubiri mteja linaendelea kula tu.

Kuna jambo la uniti za bei nafuu pia. Wale wa nyumbani wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi wanalipa kama 122 kwa uniti na wanadhani watapika biashara kwa bei hiyo. Uniti 75 ni mbili na nusu kwa siku, na friji na feni vipo humohumo. Ukizidisha, zile za juu yake bei yake ni 350 kabla ya kodi, ambayo ni zaidi hata ya tarifu 1 yenye 292 kabla ya kodi, na ukiendelea kuzidisha unahamishwa. Nishaona mtu kapikia wiki mbili kwenye luku ya mwenye nyumba wanagawana, mwezi ulivyoisha ukawa ugomvi ambao mpaka leo hawasalimiani vizuri.

Mkaa mbadala sikuweka kwenye zile namba kwa sababu hauna namba moja. Nilijaribu wa chenga, kilo moja shilingi 1,000, ukawa unawaka taratibu na majivu mengi, moto wa kilo moja ni mdogo kuliko mkaa wa mti. Kwa kazi ya kilo 1 ya gesi nilitumia kama kilo 5, kwaiyo 5,000. Kwenye karatasi unazidiwa na mkaa wa gunia kwenye banifu. Ila kwa maharage, uliwashwa mara moja saa kumi na moja asubuhi mpaka saa nne sijaongeza kitu wala sijapepea, na mkaa wa kawaida huwa naongeza mara mbili na mara ya pili huwa nimeongeza kwa hasira kwaiyo naongeza mwingi. Sijui niseme nini, kuna akiba haionekani kwenye mizani.

Na kuna akiba ambayo haichagui nishati kabisa. Kuloweka maharage usiku. Kufunika sufuria. Kuzima mkaa uliobaki kwa kuutia kwenye debe la bati lenye mfuniko ukaminya hewa isiingie, kesho unawasha uleule. Hili la debe peke yake lilinipunguzia kama kilo moja kwa siku, na miaka yote nilikuwa nauacha unateketea huku naosha vyombo.

Kasi na mapishi

Kukaanga, gesi. Chipsi, samaki, mayai, sambusa, huko gesi iko nyumbani kwake kwa sababu unapandisha na kushusha moto kwa kidole. Mteja akija anataka chipsi mayai unawasha, ukimaliza unazima, hakuna hela inayoungua bure. Muuza chipsi wa mkaa anakaa na jiko limewaka masaa sita kusubiri wateja ishirini.

Kuchemsha vitu vigumu, presha kuka. Nikuoneshe siku moja. Maharage robo tatu kilo, yameloweka toka jana, maji yamezidi juu kama vidole viwili, chumvi bado. Nimefunga saa kumi na mbili na robo, nimeweka dakika 30 baada ya kushika presha. Saa moja na dakika tano nimefungua, yanabonyezeka kwa kidole, magadi sikuweka. Luku ilikula kati ya nusu uniti na robo tatu, weka shilingi 250. Maharage hayohayo kwenye mkaa ni masaa mawili na nusu, kama yamezeeka ni matatu na magadi juu. Ubaya wake ni ukubwa. Lita 6 kwa maharage unajaza nusu tu, yakizidi yanatoa povu linaziba tundu la mvuke, kwaiyo robo tatu kilo ndo mwisho wangu na hiyo ni sahani 15 au 18. Sahani 65 zinataka awamu nne. Mimi naanza usiku awamu ya kwanza na ya pili, nyingine asubuhi naunga zote pamoja kwenye sufuria kubwa. Kuna presha kuka kubwa za biashara ila hela yake mi sijaifikia.

Wali, sijawahi kuridhika na wali wa gesi. Unaiva, ndio, ila ile ya kupalia mkaa juu ya mfuniko wali ukakauka punje punje, gesi haina. Wateja wangu wa gereji wanajua, siku nikipika wote kwa gesi kuna mzee mmoja anaangalia sahani ananiambia "mama, leo wali umelia," yani una maji maji. Shikamoo yake naitoaga kwa aibu siku hiyo. Wali wa presha kuka au wa raisi kuka unatoka vizuri, ila kidogo kidogo.

Ugali wa sahani nyingi unataka jiko lililokaa chini, zito, lisiloyumba ukisonga. Jiko la gesi la mezani unasonga huku binti kakushikia sufuria, ni vichekesho. Ukipata jiko la gesi la chini lenye miguu ya chuma sawa, bila hivyo mkaa.

Supu, makande, kongoro, vitu vya kukaa motoni usiku kucha ukiwa umelala, mkaa mbadala. Moto wake hauna haraka. Kwa kukaanga usithubutu, na kuwasha kwake ni kazi, unaanza na mkaa kidogo wa kawaida kama chachu ndo unashika.

Nyama choma, mishikaki, mahindi, sina la kusema, mkaa.

Usumbufu na hatari

Mkaa unachafua, masufuria, kuta, mapafu. Kibanda kilichozibwa upande tatu na jiko la mkaa ndani siyo joto tu, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala haionekani, inaua watu kwenye vyumba vilivyofungwa. Mkaa mbadala ni vilevile, usidanganyike kwa kuwa hautoi moshi mwingi. Masika bei inapanda na gunia linakuja limelowa, unanunua maji kwa bei ya mkaa. Alafu kuna upepo wa serikali pia, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zishaambiwa ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya watu wawe wamehamia huko. Kibanda cha sahani 60 hawajakifikia, ila kama unaota tenda ya kulisha shule au kiwanda, anza kujifunza gesi sasa.

Gesi usumbufu wake ni mbili. Inaisha bila kuaga, saa sita mchana na foleni ya watu. Dawa yake ni mtungi wa pili, hata wa kilo 6, wa akiba. Na pili ni mtungi pungufu. Mimi nilichukua kwa wakala fulani mtungi wa kilo 15 ukaisha siku ambayo haikuwa yake, nikajua nimevujisha. Uliofuata nikaupitisha kwenye mizani ya jirani wa vyuma chakavu kabla sijaufungua. Mtungi mtupu huwa umeandikwa uzito wake kwenye chuma pale juu, wangu 16.4, ongeza 15 inatakiwa 31.4. Mizani ikasoma 29 na kitu. Nikaurudisha, nikapewa mwingine bila hata kubishana, ambapo ndo nilijua wanajua. Muuzaji anatakiwa awe na mizani dukani, mwambie apime mbele yako, kama hana nenda kwingine.

Usalama wa gesi sirefushi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, haipandi. Kwaiyo mtungi usiwe karibu na jiko la mkaa lililo chini, na hilo ndo kosa la sisi tunaochanganya. Wangu uko nje ya ukuta, mpira umepita kwenye tundu. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni pale kwenye regulata, ukiona vimapovu vinakua, funga. Mtungi usiulaze hata ukiisha.

Umeme usumbufu ni mmoja unaujua. Ila kwenye presha kuka nilikutana na jambo zuri, umeme ulikatika maharage yameshashika presha kama dakika 20, nikawa nataka kufungua niyahamishie kwenye mkaa, nikachelewa kwa sababu ya mteja. Nusu saa baadae nafungua, yameiva. Lile dude linatunza joto. Ukikatika kabla halijashika presha hapo umekwama kweli.

Nilichoishia mimi

Sikuchagua kimoja. Nilikaa na daftari nikaandika kila sufuria linakula nini, siyo siku nzima inakula nini. Maharage ndo yalikuwa mwizi, yalikuwa yanameza karibu theluthi ya mkaa wote. Hayo yakaenda umeme. Samaki, mchuzi na mboga zikaenda gesi. Ugali na kupalia wali vikabaki kwenye banifu. Siku hizi natumia gesi kama kilo 1.2, uniti mbili na nusu hivi, na mkaa kilo 2. Hesabu inakuja kama 8,500 badala ya 13,000. Kwa siku 26 za kazi ni akiba ya 117,000 kwa mwezi, miezi minne presha kuka na mtungi vikawa vimejilipa. Ila angalia, mimi nilikuwa na jiko la bati na nanunua kopo kopo. Mtu ambaye tayari ana banifu na ananunua gunia hataona punguzo kubwa hivyo.

Inamfaa nani

Kama unaanza kabisa na mtaji ni mdogo, kaa kwenye mkaa, ila hela ya kwanza ya ziada nunua jiko banifu na debe la kuzimia. Hela ya pili jichange na wenzako wawili mnunue gunia mgawane kwa mizani, siyo kwa kopo.

Kama unakaanga, chipsi, mihogo, samaki, vitafunwa vya asubuhi, gesi, na mtungi mkubwa kadri unavyoweza. Ukiona mafuta yako mengi na jiko halizimwi toka jioni mpaka usiku wa manane, ulizia bei ya mtungi wa kilo 38 kwa wakala wako, gawia kwa kilo ndo uamue.

Kama biashara yako ni maharage, makande, njegere, utumbo, na umeme wa eneo lako hausumbui sana na una luku yako mwenyewe, presha kuka. Luku ya kugawana na mtu, kwanza ongea nae, wekeni mita ndogo ya kuhesabu, ndo upeleke dude lako.

Supu ya alfajiri na eneo liko wazi linapitisha hewa, jaribu mkaa mbadala, ila nunua kilo 5 za mtengenezaji mmoja uone kabla hujabeba mfuko. Ukibonyeza kipande kikavunjika vunjika mkononi, rudisha.

Kama unahamahama, leo uko kwenye ujenzi huu kesho ule, umeme wa watu huwezi kuutegemea na mtungi mkubwa ni mzigo kwenye bodaboda. Banifu dogo moja na mtungi wa kilo 6 vinakutosha.

Na kama bado huelewi uko kundi gani, pima wiki moja. Asubuhi pima mkaa unaotoa, kila sufuria likiteremka andika saa lilipopanda na saa liliposhuka, jioni pima uliobaki kwenye debe. Ijumaa utaona sufuria moja limekaa motoni kuliko mengine yote, anza na hilo hilo moja, mengine yaache kwanza yalipo.